Suruali ya Changamwe na mshindani tusiyemtazama

Suruali yenyewe ni ya kaki, ya kiume, pamba tupu. Kitambaa chake kilifumwa China, kikashuka bandari ya Kilindini, Mombasa, kikiwa majora ndani ya kontena la futi 40, kikapanda lori hadi viwanda vya Changamwe. Huko kilikatwa, kikashonwa, kikapigwa pasi, kikatiwa katoni, halafu kikarudi Kilindini kwa barabara ile ile, safari hii kwenda Marekani. Zipu ni ya China. Vifungo ni vya China. Lebo yasema imetengenezwa Kenya, na kisheria lebo haidanganyi. Mimi ni wakala wa forodha. Napitisha karatasi za kitambaa kikiingia na karatasi za suruali ikitoka, na mwaka 2025 karatasi hizo zilinionyesha jambo ambalo redio haikulisema.

Mwaka huo kila mtu Mombasa alikuwa na methali moja mdomoni, ile ya fahali wawili na nyasi. Niliisikia kwenye baraza la kahawa Mji wa Kale, nikaisikia kivukoni Likoni, nikaisikia hata kwa watu ambao maisha yao hayajawahi kuguswa na kontena. Wenye viwanda walikuwa na yao, wakiitamka chini chini: vita vya panzi, furaha ya kunguru. Nimeifuata suruali hii kuanzia Aprili hadi Novemba 2025, na naona methali zote mbili ziliikosa.

Vita vyenyewe ni vya zamani kidogo. Tarehe 6 Julai 2018 Marekani ilitoza asilimia 25 kwa bidhaa za China zenye thamani ya dola bilioni 34, na China ikajibu siku hiyo hiyo kwa kiasi hicho hicho, soya ikiwa mstari wa mbele. Nguo ziliachwa kwanza. Zilifikiwa Septemba 2019 kwa asilimia 15, kiwango kilichoshuka hadi 7.5 Februari 2020, mwezi mmoja baada ya Trump na Makamu wa Waziri Mkuu Liu He kutia saini mapatano ya awamu ya kwanza. Katika mapatano hayo China iliahidi kununua bidhaa na huduma za Marekani za dola bilioni 200 juu ya kiwango cha 2017, kwa miaka miwili. Haikufika hata karibu. Ile 7.5 nayo haikuondoka. Biden aliikuta, akaiacha hapo hapo alipoikuta. Msomaji aishike, tutaihitaji kwenye hesabu.

Aprili 2025 mambo yakaenda kasi ya mnada wa samaki. Tarehe 2 Trump alitangaza asilimia 34 kwa China, juu ya 20 alizokwisha kuweka Februari na Machi kwa hoja ya fentanili, dawa ya kulevya. Beijing ikajibu kwa 34. Washington ikapanda, Beijing ikapanda, na kufikia tarehe 12 ushuru mpya wa Marekani kwa China ulikuwa asilimia 145, wa China kwa Marekani 125. Kenya ilipewa asilimia 10, kiwango cha chini kabisa katika orodha ile.

Usiku mmoja katika wiki hiyo meneja wa kiwanda kimoja ninachokihudumia alinipigia simu. "Shekhe, niandalie karatasi za kuingiza mashine 200. Mchina ameshatoka sokoni, Wamarekani watatukimbilia sisi."

Nilimjibu inshallah, nikachukua kalamu.

Tuseme suruali moja ina thamani ya dola 8 ikifika forodha ya Marekani. Bei hii ni ya mfano tu, na ya China kwa kawaida huwa chini, lakini tuiache sawa ili tuone kazi ya ushuru peke yake. Suruali ya kiume ya pamba hutozwa Marekani ushuru wa kawaida wa asilimia 16.6. Ya China mwezi huo ilibeba 16.6, na ile 7.5 ya zamani, na 145 za dharura: jumla 169.1. Dola 8 zinakuwa dola 21 na senti 53. Ya Changamwe haikulipa ile 16.6, kwa sababu ya AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 inayoziruhusu nchi za Afrika zinazokidhi masharti kuingiza bidhaa nyingi bila ushuru. Ililipa zile 10 mpya tu. Dola 8 na senti 80.

Ukilitazama pengo hilo, dola 21.53 kwa 8.80, unaelewa kwa nini mtu ataka mashine 200.

Kuna jambo hapa wengi hawalijui, hata mjini. AGOA ina kifungu kinachoruhusu nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwamo, kushona kwa kitambaa kilichotoka kokote duniani. Bila kifungu hicho viwanda vya Changamwe, Mikindani na kwingineko visingekuwepo, maana Kenya haifumi kitambaa cha kutosha cha aina na bei wanayotaka wanunuzi wale. Kwa hiyo pamba iliyofumwa China, ambayo ingeshonwa China ingelipa asilimia 169, ikishonwa hapa ililipa 10. Mtu akisema Kenya imebanwa katikati ya Marekani na China, mimi huiona suruali ile: mguu wake mmoja ni kitambaa cha huyu, mguu wa pili ni soko la yule, na sisi ndio mshono. Haibaniki. Ila mshono ukifumuka hakuna suruali.

Pwani hii imewahi kuona biashara hiyo ikienda upande wa pili. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, ushuru asilimia 5, na pamba nyeupe ya Massachusetts ikajaa Zanzibar na mwambao wote hadi ikaingia kwenye lugha: merikani. Bibi zetu walisema "merikani" bila kufikiria nchi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka 1861 mzigo ukakauka, na wafanyabiashara wa pwani wakageukia vitambaa vya Uingereza na Bombay bila kuomboleza. Siku hizi leso zetu nyingi zachapwa China na India. Sijui bibi wangeitaje suruali hii.

Nirudi kwenye kalamu. Kosa la meneja, na langu pia usiku ule, lilikuwa kutazama safu moja tu ya jedwali. Tulimtazama China. Lakini China ilipopanda hadi 169, kila asiyekuwa China alipata pengo lile lile. Alilipata Vietnam, Bangladesh, India, Jordan na Misri. Faida ambayo kila mtu anayo haimfanyi mnunuzi achague duka lako. Mnunuzi wa New York hakuuliza kama Mombasa ni nafuu kuliko Guangdong ya China. Hilo lilijibiwa na Ikulu ya Marekani. Aliuliza kama Mombasa ni nafuu kuliko Port Said ya Misri.

Na Port Said ndiko kwenye hadithi. Desemba 2004 Misri, Israel na Marekani ziliafikiana juu ya maeneo maalumu ya viwanda: nguo ikishonwa humo, sehemu fulani ya mali ghafi ikitoka Israel, sasa ni asilimia 10.5, inaingia Marekani bila ushuru wa kawaida. Aprili 2025 Misri nayo ilipewa asilimia 10. Kwa hiyo suruali yao ya dola 8 ilifika kwa dola 8.80, senti kwa senti sawa na yetu. Tofauti iko mahali pengine: mpango wa Misri hauna tarehe ya kufa. AGOA ilikuwa nayo, na kila karani wa forodha aliijua kwa kichwa: tarehe 30 Septemba 2025.

Nilipomwambia meneja hivyo, alinyamaza kidogo. "Wataiongeza," akasema. "2015 waliiongeza miaka 10."

Waliiongeza, kweli. Lakini kumbukumbu ya viwanda vyetu ina tarehe nyingine pia. Tangu 1974 dunia ilikuwa na mfumo wa mgao uliozibana nchi kama China kwa idadi ya nguo zilizoweza kuuza Marekani na Ulaya. Tarehe 1 Januari 2005 mgao ukafutwa. Kenya haikuwa imebadilisha chochote. Mafundi ni wale wale, mashine zile zile, umeme ule ule ghali. Viwanda vikafunga, watu wakarudishwa nyumbani. Miezi michache baadaye Marekani, ikiona nguo za China zinavyofurika, ilirudisha vizuizi, na Novemba 2005 ikaafikiana na Beijing kuweka mipaka hadi mwisho wa 2008. Viwanda vilivyobaki hapa vikapumua. Katika kisa kile, kama katika hiki, hakuna mtu wa Kenya aliyekuwa mezani. Changamwe imekuwa ikiuza pengo la ushuru, suruali ni karatasi ya kulifungia. Pengo likiwa la wengine kulifungua, ni la wengine kulifunga, na hawakupigii simu kabla.

Tarehe 10 na 11 Mei 2025 wakubwa wakakutana Geneva. Upande mmoja Waziri wa Fedha Scott Bessent na mwakilishi wa biashara Jamieson Greer, upande wa pili Makamu wa Waziri Mkuu He Lifeng. Siku mbili tu, na ushuru mpya wa Marekani ukashuka kutoka 145 hadi 30, wa China kutoka 125 hadi 10, kwa siku 90. Suruali ya China ikatoka dola 21.53 hadi 12.33. Zile mashine 200 hazikuagizwa tena. Meneja hakuzitaja na mimi sikumuuliza.

Kilichonivutia katika Geneva ni kwa nini iliwezekana haraka hivyo. China haikwenda na maombi. Aprili 4, siku mbili baada ya tangazo la Trump, ilikuwa imeanza kudai leseni kwa kila anayetaka kusafirisha aina saba za madini adimu, yale yanayotengeneza sumaku za magari, ndege na makombora, na inasafisha sehemu kubwa mno ya madini hayo duniani. Viwanda vya magari vya Marekani na Ulaya vikaanza kuhesabu akiba yao. Mazungumzo ya London mwezi Juni yalihusu zaidi hayo madini kuliko ushuru. Yakafuata ya Stockholm mwezi Julai, ya Madrid mwezi Septemba. Oktoba 9 Beijing ikapanua masharti ya madini, Trump akatishia asilimia 100 nyingine, wajumbe wakakimbilia Kuala Lumpur, na Oktoba 30 Trump na Xi wakakaa pamoja Busan. Kila mara mpango ulikuwa ule ule: funga bomba, subiri mwenzio aone kiu, fungua nusu.

Sisi tuna bomba gani? Swali hili huulizwa kwa mzaha Mombasa, na jibu la mzaha liko kusini mwa Likoni. Mlima Mrima, Kwale, una madini adimu na niobi. Serikali ilifuta leseni ya kampuni moja ya kigeni mwaka 2013, na hadi 2025 mlima ulikuwa umekaa tu. Watu wa huko ni Wadigo, msitu ulio juu ni kaya yao takatifu, na hawajaonyesha haraka ya kuona tingatinga. Nasema ni mzaha kwa sababu madini yaliyo chini ya miti si bomba. Bomba la China ni viwanda vya kusafishia, vilivyochukua miongo kujengwa, kwa hasara na kwa uchafu mwingi ambao nchi nyingine hazikuutaka. Atakayeuza udongo wa Mrima kabla ya kujua atausafisha wapi atakuwa ameuza tena karatasi ya kufungia.

Nairobi haikulala, nisiidhulumu. Aprili, moshi wa 145 ukiwa haujatua, Rais Ruto alikuwa Beijing na Xi Jinping, na uhusiano ukapandishwa daraja kwa maneno makubwa ya kidiplomasia. Wakati huo huo Kenya ilikuwa bado mshirika mkuu wa Marekani asiye mwanachama wa NATO, cheo ilichopewa 2024. Washington haikufurahi: Seneta Jim Risch, mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje, alisema waziwazi kwamba huko si kuegemea China tu, ni utiifu kwake, na kufikia Agosti alitaka cheo hicho kichunguzwe upya. Septemba Ruto alikuwa New York akiomba AGOA iongezwe.

Juni China ilitoa ahadi yake: ushuru sifuri kwa bidhaa zote za nchi 53 za Afrika zenye uhusiano nayo wa kibalozi. Mjini watu walishangilia kama kwamba kontena zinaanza kesho. Taratibu. Nchi maskini zaidi zilikwisha kupata hilo tangu Desemba 2024, kwa tamko la Beijing peke yake. Kenya haimo katika kundi hilo. Kwake ilihitajika makubaliano, na makubaliano huandikwa na watu wawili. Halafu, sifuri kwa nini? China hainunui suruali kwetu. Itanunua chai, kahawa, makadamia, na parachichi, ambalo lilianza kwenda huko likiwa bichi mwaka 2022. Ni habari njema kwa wakulima wa Murang'a na Kericho. Lori litapita Changamwe, halitasimama.

Pia kuna reli. Oktoba 2025 Hazina ya Kenya ilitangaza kwamba mikopo ya reli ya kisasa, SGR, kutoka benki ya Exim ya China imebadilishwa kutoka dola kuwa yuan, na kwamba itaokoa takriban dola milioni 215 kwa mwaka. Reli hii inaanzia Miritini, jirani kabisa na viwanda ninavyovisema. Kwa miaka kadhaa nchi ilikuwa ikitafuta dola, nyingine zikitokana na suruali zilizouzwa Marekani, ili kuilipa benki ya China kwa sarafu ya mshindani wake. Uamuzi ule ulikuwa wa busara, nafikiri, na ndio uamuzi pekee wa Kenya katika kisa hiki chote uliobadilisha tarakimu. Watu wa Mombasa wana sababu zao za kuinunia reli, tangu enzi ya amri ya 2019 iliyopeleka mizigo Nairobi kwa lazima hadi ilipoondolewa Septemba 2022, lakini hesabu ni hesabu.

Tarehe 30 Septemba ilifika. Bunge la Marekani lilikuwa katika mabishano yake ya bajeti, usiku huo huo serikali yao ikasimama, na AGOA ikafa bila mtu kuipinga. Haikuuawa na vita vya China na Marekani. Ilisahauliwa, na huku ndiko kulikonichoma.

Hesabu ya Oktoba, suruali ile ile ya dola 8. Ya Changamwe: 16.6 imerudi, na 10 juu yake, asilimia 26.6, dola 10.13. Ya Misri: dola 8.80, kama Aprili. Ya Jordan, yenye mkataba wake na Marekani na ushuru mpya wa 15: dola 9.20. Ya Vietnam na Bangladesh, zilizotozwa 20 kila moja: dola 10.93. Ya China: 12.33, na baada ya Busan, kuanzia Novemba 10, ikashuka hadi 11.53. Kwa hiyo ukimtazama China bado tulishinda, tena vizuri. Ukimtazama Misri tuliachwa kwa dola 1.33 kwa kila suruali, katika biashara ambayo mnunuzi hubadilisha nchi kwa senti 20. Na hiyo ni pamba. Kwa suruali za kiume za nyuzi za plastiki ushuru wa kawaida ni 27.9, weka 10 juu, tulifika 37.9, Misri ilikuwa 10.

Kuna dhuluma nyingine ndogo ambayo nje ya kazi yetu haionekani. Ushuru wa Aprili ulisamehe mzigo uliokuwa tayari melini. Kufa kwa AGOA hakukusamehe kitu: kinachohesabiwa ni siku ya kuingia Marekani. Suruali iliyoondoka Kilindini Agosti, ikabadilishwa meli njiani, ikazunguka kukwepa Bahari ya Shamu, ikafika Oktoba 3, ililipa 26.6 wakati waliokuwa wameishona walikubaliana bei ya asilimia 10. Nani analipa tofauti? Mkataba wasema mnunuzi. Barua pepe ya mnunuzi yasema "tuelewane". Maana ya tuelewane ni punguzo.

Jioni moja katikati ya Oktoba nilikuwa nje ya geti la kiwanda zamu ikitoka. Zamani foleni ile ilikuwa ikiziba barabara hadi kwenye vibanda vya mahamri. Sasa nilivuka bila kusubiri. Dada mmoja ninayemfahamu kwa sura, mshonaji wa viuno, alikuwa ameketi kwenye benchi ya muuza chai.

"Vipi ndani?"

"Ovataimu hakuna, kaka. Lain mbili zimesimama. Watwambia oda iko njiani."

"Njia ya wapi?"

Akacheka. "Hawakutwambia. Ati Wachina na Wamarekani wakipatana tutarudi."

Sikumwambia kwamba wanaweza kupatana kesho na asirudi, wala kwamba tarakimu inayomhusu iko Port Said. Nilimlipia chai.

Novemba, siku chache baada ya Busan, kontena la majora lilifika kama lilivyoagizwa miezi mingi nyuma. Meneja aliniambia nilitoe, kwa sababu gharama ya kulilaza bandarini ni kubwa kuliko ya kulilaza kiwandani. Wiki iliyofuata nilibeba ankara za shehena ndogo ya suruali, oda ya mwisho iliyokuwa mkononi. Kwa utaratibu wa AGOA tangu mwanzo, ankara halisi ya nguo hupigwa mbele muhuri wa mviringo, wino wa buluu, ndio kibali chake cha kuingia bila ushuru. Mkono wangu umezoea kuutafuta muhuri huo kabla ya kusoma kitu kingine. Niliigeuza ile karatasi, nikaigeuza tena, kisha nikaiweka kwenye bahasha na kuandika namba ya kontena.